Msitutenganishe na Bwana Msa

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapa barua ya msomaji mwenzangu aliyetaka vijana waachishwe riwaya za upelelezi na za mapenzi. Hoja yake ilikuwa kwamba riwaya pendwa humla mtu muda na hazimwachii kitu, na kwamba anayetaka kuelimika ashike vitabu vyenye uzito. Nimeisoma barua hiyo mara tatu. Mara ya mwisho niliisoma kwa sauti, maana nyumbani kwetu karibu kila kitu husomwa kwa sauti. Baba haoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, mjibu. Lakini mjibu kwa adabu." Ndivyo ninavyokusudia kufanya.

Baba alikuwa fundi saa. Kwa miaka zaidi ya arobaini alikaa na lenzi jichoni na kibanio mkononi, akirudisha mahali pake vigurudumu ambavyo mimi nilikuwa sivioni hata nikiinama. Presha ya macho ndiyo iliyomwondoa kwenye meza ile. Ugonjwa huu hauanzii katikati ya jicho, huanzia pembeni. Akawa anawagonga watu waliomjia ubavuni, nasi tukadhani ni haraka zake tu. Alipokubali kupimwa, mshipa wa fahamu wa jicho ulikuwa umeshaharibika sana, na uoni uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Matone hulinda kile kilichobaki. Kwake kilichobaki kilikuwa kidogo, nacho kikaisha.

Nilitarajia alilie saa. Alililia rafu yake ya vitabu. Vilikuwa kama sitini hivi, alivyovikusanya kimoja kimoja na kuvijalidi kwa karatasi ya kaki. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Mpaka siku hizo nilikuwa nimesoma riwaya zile tu nilizopangiwa kwa ajili ya mtihani, na baada ya mtihani sikuzigusa tena. Jioni moja akaniambia, "Nisomee." Nikamuuliza kitabu gani. Akajibu bila kufikiri: "Anza na Bwana Msa."

Kwa vijana ambao hawajakutana naye, Bwana Msa ni mpelelezi aliyeumbwa na Muhammed Said Abdulla. Alitokea mara ya kwanza katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyoshinda shindano la uandishi la mwaka 1957 hadi 1958, ikachapishwa 1960. Ana kiko chake, ana rafiki yake Najum, na ana subira ya ajabu. Wahakiki humlinganisha na Sherlock Holmes, na ulinganisho huo una haki yake, ila mimi nampenda kwa jambo moja: watu wanapotaja mzimu, yeye humtafuta binadamu aliyefanya.

Kurasa za mwanzo nilizisoma vibaya, kwa sauti ile ile ninayotangazia matokeo ya muhula. Baba hakulalamika. Alichofanya ni kuinua mkono nisimame, kisha akaniuliza: "Aliyeingia mwisho chumbani ni nani?" Sikujua. Nilikuwa nimetoka kuusoma ukurasa huo muda huo huo, kwa kinywa changu mwenyewe, na sikujua. Akaniambia nirudi nyuma. Tukarudi kurasa mbili, na jibu lilikuwapo, limekaa wazi kabisa katikati ya sentensi iliyoonekana kuzungumzia jambo jingine.

Usiku huo nilielewa aina hii ya riwaya. Darasani nawaambia wanafunzi waonyeshe kila hatua ya hesabu, wasiruke. Mwandishi wa upelelezi huzificha hatua zake, lakini analazimika kuziacha zote ndani ya kitabu, ili ukifika mwisho urudi nyuma na kuziona. Akikosa kuziacha, amemdhulumu msomaji. Kuna kitabu kimoja, sikitaji jina, ambacho mwuaji alikuja kuwa mtu asiyewahi kutajwa hata mara moja kabla ya sura ya mwisho. Baba alikasirika, akaniambia nikiondoe kwenye rafu. Mtu anayekasirika hivyo ni msomaji makini, na umakini huo ameupata kwenye vitabu hivi hivi tunavyoambiwa havimwachii mtu kitu.

Tukajiwekea na utaratibu wetu. Katikati ya kila riwaya ya upelelezi Baba huandika jina la anayemshuku. Huandika mwenyewe, kwa kupapasa, herufi nyingine zikipanda juu ya nyingine, anakunja kikaratasi na kukitia ndani ya kasha tupu la saa ya mfukoni lililobaki tangu siku za kazi. Hatulifungui mpaka kitabu kiishe. Amepatia mara nyingi kuliko nilivyopatia mimi.

Baada ya Bwana Msa akataka mashairi, na hapo nikapata taabu kubwa zaidi. Nilisoma ubeti wa kwanza, akaniambia, "Unanikatia katikati." Nikasoma tena. "Sasa unakimbia." Akashika mkono wangu, akaanza kuugonga kwa kidole taratibu, gonga moja kwa kila mizani, yaani kila silabi. Nane, pumzi. Nane, pumzi. Kumbe mshororo wa tarbia, shairi la mishororo minne kwa ubeti, una vipande viwili, ukwapi na utao, na kina cha kati ni bawaba inayouruhusu mlango kufunguka. Mimi ninayefundisha namba kila siku nilikuwa sijawahi kuzisikia zikipumua. Utenzi, au utendi, lile shairi refu la beti nyingi, nao una mizani nane tu kwa mshororo, kwa hiyo mwendo wake ni mwingine kabisa: hauna pa kupumzika katikati, unasonga, na kina cha mwisho wa kila ubeti ndicho kinachokurudisha nyumbani kabla hujaondoka tena.

Utendi wa Mwana Kupona tuliusoma kwa siku tatu. Mwana Kupona aliutunga mwaka 1858, akimwandikia binti yake, na una beti mia moja na ushei. Mwanzoni kabisa anamwambia bintiye kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, anamwita asogee, akae, alete wino na karatasi, kwani ana jambo moyoni la kumwambia. Nilikuwa nimeketi kando ya kitanda cha mzazi mgonjwa, kitabu mkononi, mimi ni binti. Sikuweza kuendelea. Baba alisubiri, hakusema neno, na kesho yake akaomba tuanze tena pale pale. Yapo ndani ya utendi huo maagizo ambayo siyakubali, hasa kuhusu mke kumtii mume, nami nilimweleza Baba hivyo, tukabishana. Lakini sauti ile ya mama anayejua kwamba muda wake umebaki mchache ilinifikia nzima, na iliyoileta ni mizani. Ingeandikwa kwa nathari nisingeisikia vile.

Tuligombana pia juu ya Kichomi, diwani ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1974. Wasomaji wa umri wa Baba wanaukumbuka mgogoro wa miaka ile, wanamapokeo wakisema shairi lisilo na vina wala mizani si shairi, na wenzao wakisema roho ya shairi haimo katika kuhesabu. Nilimsomea mashairi matatu. Akasema haya ni maguni, mashairi yaliyovunja kanuni. Nikamwambia wewe ndiye uliyenifundisha kusikia pumzi, sasa sikiliza pumzi hizi, zimekatwa kwa makusudi, mshororo mmoja mrefu, mwingine neno moja, kama mtu anayeongea huku akiwaza. Hakukubali. Mpaka leo hajakubali. Lakini usiku mwingine, tukiwa tumechoka na mambo mengine yote, husema, "Nisomee lile lisilo shairi," nami najua ni lipi, na hulisikiliza mpaka mwisho.

Tamthilia tulizipitia haraka zaidi, ingawa moja ilitukaa. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969 na kuhusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, Baba alichukua sehemu ya Kinjeketile, mimi nikawa watu wengine wote. Namnong'oneza maneno yake, naye anayasema kwa sauti kamili. Kuna pale mwishoni Kinjeketile anapotakiwa aseme kwamba maji, yale aliyowapa watu kuwa kinga ya risasi, ni uongo, naye anakataa. Nilikuwa nimekisoma kitabu hicho shuleni, nikajibu maswali juu yake, nikapata alama nzuri. Sikuwa nimetambua kwamba kukataa kule kunatisha. Ilibidi nimsikie mtu akikataa.

Sasa nije kwenye riwaya za mapenzi, ambazo mwandishi wa barua ile alizitaja kwa ukali kuliko zote. Hapa naomba anisikilize kwa makini, kwa sababu nitamweleza jambo ambalo sijalisema mbele za watu.

Mwaka wa tatu wa usomaji wetu nilifiwa na mume wangu. Kwa miezi kadhaa sikuweza kumsomea Baba wala kujisomea. Nilijaribu vitabu vyenye uzito, vile ambavyo watu walinishauri kwa nia njema, vinavyozungumzia kifo na subira. Jicho lilipita juu ya maneno na hakuna lililoshika. Mwalimu mwenzangu akaniletea riwaya nyembamba ya mapenzi, jalada limechakaa, kona zimekunjika. Nadhani imepita mikononi mwa walimu wa shule nzima. Nikaisoma usiku mmoja. Msichana anampenda kijana, wazazi wanakataa, barua inapotea, barua inapatikana. Tangu ukurasa wa kumi nilijua watafunga ndoa. Kujua huko ndiko kulikoniwezesha kusoma. Nilikuwa nimetoka kwenye maisha ambayo hakuna ukurasa ulionionya kuhusu unaofuata, na hapa palikuwa na mtu aliyeniahidi mwanzoni kwamba mambo yatakaa sawa, na akatimiza ahadi. Nililia vizuri, nikalala. Asubuhi nilirudi kwenye rafu ya Baba.

Kwa hiyo msomaji mwenzangu anaposema vitabu hivyo havimwachii mtu kitu, nami namwambia kwa adabu: mimi viliniacha nikiwa nimelala usingizi, baada ya majuma mengi ya kutolala.

Tena huo uzito unapimwaje? Mtu akikusimulia Kusadikika ya Shaaban Robert kwa kifupi, nchi inayoelea angani na wajumbe wanaotumwa pande zote za dunia, juu mbinguni na chini ardhini, utadhani ni hadithi ya kumbembelezea mtoto. Kumbe mle ndani mtu anashitakiwa kwa sababu ya kutaka watu wafundishwe sheria, na kitabu kilitoka mwaka 1951, wakati wa utawala wa kikoloni. Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi ya mwaka 1971, iliwahi kuzuiwa mashuleni kwa kuonekana inapotosha vijana, na baadaye ikaingia madarasani ikafundishwa. Kitabu ni kile kile, hakikubadilishwa hata nukta. Walibadilika waliokuwa wakikipima.

Na kuna Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, ambayo ina chombo cha angani na nchi ya mbali, mambo ambayo wengi huyahesabu kuwa ya vijana wenye muda wa kupoteza. Mimi niliishika, nikalisoma jina lake jaladani, nikaona jina la nchi ya kubuni, basi. Nilipolitamka kwa Baba akacheka. "Rudia polepole," akasema. Nikarudia. Wale-ni-sisi. Macho yangu mazima yalikuwa yamelipita neno hilo, sikio lake likalifungua kwa pigo moja, na kabla ya ukurasa wa kwanza tukajua tunasoma habari zetu wenyewe.

Mwaka jana tukajaribu Nagona. Ni kitabu chembamba, cha mwaka 1990, nacho kimetuchukua muda mrefu kuliko riwaya nene tulizowahi kusoma. Kezilahabi hakushiki mkono humo. Unaingia hujui uko wapi, nani anazungumza, kama aliyesemwa amekufa au yu hai. Baba alisema ni kama kupewa saa iliyofunguliwa yote, vipande viko mezani, na aliyeifungua hakuacha mchoro. Mwanzoni nilitaka tuache. Baba akainua mkono, kama alivyofanya usiku ule wa kwanza, akasema, "Rudi nyuma kurasa mbili." Tukarudi. Tukawa tunarudi na kurudi, tunalinganisha sauti na sauti, tunaweka kando tusichokielewa mpaka kitakapohitajika. Sidai kwamba tumekimaliza kukielewa. Lakini tulikaa nacho mpaka ukurasa wa mwisho, na mazoea yaliyotuwezesha kukaa tuliyapata kwa Bwana Msa. Hilo ndilo ninalotaka mwandishi wa barua ile alifikirie. Anawaza kwamba kijana anayesoma upelelezi amepotea njia ya kwenda kwenye vitabu vikubwa. Sisi tulipita njia hiyo hiyo, na tulifika.

Mimi pia nina darasani vijana anaowasema. Mmoja hasomi chochote ila hadithi za majasusi, anazificha chini ya daftari la aljebra, nami nimeshamnyang'anya mbili, nikamrudishia baada ya kipindi. Sitamwambia aache. Nimemuuliza tu, kitabu kikiisha, kama mwandishi alimdhulumu au la, na kwa nini. Alinijibu kwa dakika kumi, akitaja kurasa. Kijana huyo kwenye hesabu hajawahi kunijibu zaidi ya maneno matatu.

Ndugu Mhariri, nina maombi mawili kwenu, na yote yako ndani ya uwezo wenu.

La kwanza, rudisheni hadithi ya mfululizo. Gazeti hili lilikuwa nayo, na Baba anasema siku ya hadithi ndiyo siku pekee waliyogombania gazeti nyumbani kwao. Baadhi ya riwaya zinazoheshimiwa leo duniani zilianza hivyo hivyo: The Count of Monte Cristo ya Alexandre Dumas ilitoka vipande vipande katika gazeti huko Ufaransa kuanzia mwaka 1844, watu wakisubiri toleo linalofuata. Nusu ukurasa kwa juma unatosha. Wiki hizi upelelezi, miezi ijayo mapenzi, baadaye kitu cha ajabu cha nchi zisizokuwapo. Wapeni nafasi waandishi wapya, na muwakatie mahali ambapo mlango umefunguliwa na hatujaona aliyeingia.

La pili ni dogo, lakini linatuumiza kila Jumapili. Ukurasa wa mashairi mmeubana. Safu imekuwa nyembamba mno, kwa hiyo mshororo wa mizani kumi na sita haukai, unavunjika baada ya mizani kumi au kumi na moja, na mabaki yake yanashukia mstari wa chini. Mtu anayesoma kwa macho labda hurekebisha kichwani. Mimi nasoma kwa sauti, na ninapofika hapo ulimi unasimama mahali ambapo mshairi hakusimama, na Baba anajua. Huniuliza, "Ameandika hivyo au wamemkata?" Nami inanibidi nimjibu kila mara kwamba wamemkata. Punguzeni idadi ya mashairi kama nafasi ni tatizo. Chapeni matatu badala ya sita, ila ukwapi ukae kushoto, utao kulia, na kina cha kati kionekane kilipo. Mshairi amehesabu. Tunaomba hesabu yake ifike.

Msomaji mwenzangu namwambia hivi: sina ugomvi naye. Orodha yake ya vitabu vyenye uzito ni nzuri, vitatu kati yake viko kwenye rafu ya Baba, na kimoja ambacho hatuna nimeshaanza kukitafuta. Naomba naye achukue kimoja cha kwetu. Achague chochote chenye Bwana Msa ndani yake, na akifika katikati aandike jina kwenye kikaratasi.

Sisi jana usiku tumeanza Siri ya Sifuri, kitabu kingine cha Bwana Msa, cha mwaka 1974. Nimekiacha muda mrefu kwa sababu ya jina lake, nikitaka nikifikie nikiwa na nafasi ya kutosha. Baba alinisimamisha mara nne. Kabla ya kulala alipapasa meza, akaomba kalamu, akaandika, akakunja. Kasha la saa limefungwa, liko juu ya rafu, na bado tuna sura nyingi mbele.

Wenu,
Mwalimu wa hesabu, binti wa fundi saa